Kosa la Daktari Koch: Kwa Nini Majibu ya Maabara Yanahitaji Macho ya Mfugaji



Leo naanza na swali nililoulizwa hapa hapa Mungaa na mzee mmoja mwenye jozi ya maksai. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na watu wanaandaa mashamba ya alizeti na mtama. Mzee alikuwa amenunua maksai wawili mnadani kwa fedha alizopata kwenye vitunguu. Wiki ya tatu mmoja aliacha kula, akapata homa, na tezi za chini ya sikio zikavimba. Mzee akaenda dukani, akapewa sindano. Baada ya siku mbili akapewa sindano ya aina nyingine. Siku ya tano ndipo akanipigia simu. Nilichukua damu kwenye sikio, nikaipaka kwenye kioo cha maabara, kile tunachokiita slaidi, nikaipeleka. Majibu yakarudi: hakuna vimelea vilivyoonekana. Wakati majibu yanafika, maksai alikuwa ameshakufa.

Mzee akaniuliza: "Bwana mifugo, maabara yako inasema ng'ombe hana kitu. Sasa amekufa na nini?"

Swali lile ni zuri, na si yeye wa kwanza kukutana nalo. Zaidi ya miaka 120 iliyopita, daktari aliyekuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa duniani wa kutazama vijidudu kwa hadubini alikaa Dar es Salaam, akaangalia damu ya ng'ombe wagonjwa, akaona kimelea, na bado akakosea ugonjwa. Nataka nikusimulie habari hiyo, kwa sababu ndani yake kuna jibu la mzee wetu, na kuna faida kwako siku utakapoitiwa vipimo au kuonyeshwa karatasi ya vipimo mnadani.

Ng'ombe walipokwisha

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki. Ulikuwa ugonjwa mgeni, na ng'ombe wetu hawakuwa na kinga yoyote dhidi yake. Sehemu nyingi karibu mifugo yote iliangamia, na njaa ikafuata. Mwaka 1896 sotoka ikavuka mto Zambezi na kufika kusini mwa Afrika, nako ng'ombe wakaisha.

Baada ya janga hilo kila mtu alitaka ng'ombe wa kuanzia upya: wa kulima, wa kuvuta mikokoteni, wa maziwa. Wewe mfanyabiashara unajua kinachotokea mahitaji yakiwa makubwa. Mifugo inatoka mbali, inapitia mikono mingi, na hakuna anayeuliza imetoka wapi.

Koch afika Dar es Salaam

Robert Koch alikuwa Mjerumani. Mwaka 1882 alikuwa ametangaza bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya ugonjwa huo. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, wakati huo nchi yetu ikiwa chini ya Wajerumani.

Akiwa hapo alichunguza damu ya ng'ombe waliougua pwani. Ndani ya chembe nyekundu za damu aliona vimelea vidogo sana, vingine kama vijiti, vingine kama vipete. Kule Marekani, mwaka 1893, Theobald Smith na Fred Kilborne walikuwa wameonyesha kwamba homa ya Texas, yaani ule ugonjwa wa ng'ombe kukojoa mkojo mwekundu, husababishwa na kimelea cha ndani ya chembe za damu na huenezwa na kupe. Ilikuwa habari mpya na kubwa. Koch alijua kwamba mkojo mwekundu upo pwani yetu. Akaona hivi vidogo, akasema: hivi ni watoto wa kimelea cha homa ya Texas, havijakua tu.

Zingatia hapa. Hadubini ilikuwa nzima na macho yake yalikuwa mazuri. Kilichoonekana kilikuwepo kweli. Kosa lilikuwa katika kukipa jina. Alikuwa na maelezo moja tu mkononi, basi kila alichokiona akakiingiza humo. Vile vidogo vilikuwa kimelea kingine kabisa, cha ugonjwa ambao wewe unaujua vizuri: ndigana kali.

Kosa lasafiri kusini

Mwaka 1901 ng'ombe walikuwa wakiingizwa kwa wingi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kupitia bandari ya Beira, Msumbiji. Baadhi walitoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka huo huo likaletwa kundi la ng'ombe wapatao 1,000 kutoka Australia, wakapelekwa upande wa Umtali, mji unaoitwa Mutare sasa. Ng'ombe wa Australia karibu wote wakafa. Ugonjwa ukaingia kwa mifugo ya wenyeji na ya walowezi, ukafuata njia za mikokoteni hadi Afrika Kusini.

Madaktari wa mifugo wa huko walitazama damu na kuona vimelea. Wao pia wakasema ni mkojo mwekundu, ila umekuwa mkali kupita kawaida. Walikuwa na sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa ng'ombe wengi walikuwa na vimelea vyote viwili mwilini. Lakini wafugaji walikuwa wakiona jambo lisilolingana na maelezo hayo. Mifugo iliyokuwa imezoea mkojo mwekundu kwa miaka, iliyokuwa na kinga yake, ilikuwa inakufa. Tena wengi hawakukojoa mkojo mwekundu wala hawakuwa na upungufu mkubwa wa damu. Walivimba tezi, wakapumua kwa shida, wakatoa povu puani.

Mwaka 1903 Koch akaitwa. Safari hii alikubali kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, akauita homa ya pwani ya Afrika. Ndiyo maana hadi leo jina lake la Kiingereza linataja pwani ya mashariki, yaani pwani yetu. Akashauri ng'ombe wazima wachomwe damu ya waliopona, tena na tena, ili wapate kinga. Wafugaji wakafanya, wakagharimika, na kinga haikupatikana.

Aliyefumbua fumbo ni Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyekuwa Pretoria. Hakutegemea hadubini peke yake, aliuliza na ng'ombe wenyewe. Alichukua ng'ombe wenye kinga ya mkojo mwekundu, akaona wanakufa kwa ugonjwa huu mpya. Maana yake kinga ya mmoja haimlindi mnyama dhidi ya mwingine, kwa hiyo ni magonjwa mawili. Damu yenye mkojo mwekundu ukiidunga kwa ng'ombe mzima, anaugua. Damu ya ndigana kali ukiidunga kwa kawaida haiambukizi. Hapo ndipo sindano za Koch ziliposhindwa. Mwaka 1904 Theiler akaeleza kimelea hicho kama aina ya peke yake, na leo kinaitwa *Theileria parva*, kwa jina lake. Mwaka huo huo Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Rasi, akaonyesha kwamba anayekieneza ni kupe wa kahawia wa masikioni.

Baada ya kujua mhusika ni kupe gani, dawa ya kweli ikaonekana: kuogesha mifugo na kuzuia uhamishaji holela. Majosho mengi unayoyaona Afrika Mashariki na Kusini yana asili yake katika vita hiyo. Afrika Kusini iliung'oa ugonjwa huo kwa njia hiyo ifikapo katikati ya karne ya 20, bila chanjo.

Kwa nini slaidi ya mzee haikuonyesha kitu

Sasa turudi Mungaa. Kimelea cha ndigana kali kikiingia kwa mate ya kupe, hakianzi kwenye damu. Huingia kwanza kwenye tezi na kuzaana humo, ndani ya chembe nyeupe. Mnyama hupata homa na tezi huvimba. Siku kadhaa baadaye ndipo vile vipete vidogo huonekana katika chembe nyekundu za damu. Cha ajabu ni kwamba yale madoa ya buluu yanayoonekana kwenye tezi chini ya hadubini huitwa kwa jina la Koch, kwa sababu yeye ndiye aliyeyaeleza.

Kwa hiyo damu ya sikio ni mahali pazuri pa kutafuta vimelea vya nagana na vya mkojo mwekundu. Kwa ndigana kali inayoanza, mahali pa kutafuta ni kwenye tezi. Mimi nilichukua damu peke yake. Zaidi ya hapo, mnyama alikuwa ameshachomwa sindano mbili, na sindano inaweza kupunguza vimelea visionekane bila kumponya mnyama. Maabara iliulizwa: "Je, kwenye tone hili la damu kuna vimelea?" Ikajibu: "Hatujaviona." Jibu lilikuwa la kweli. Swali ndilo lilikuwa limekosewa, na aliyelikosea ni mimi.

Mambo manne ya kukumbuka juu ya kipimo chochote

La kwanza: "hakijaonekana" si sawa na "hakipo". Kipimo kinaweza kukosa kwa sababu ni mapema mno, kwa sababu sampuli imetoka mahali pasipo sahihi, kwa sababu dawa imetangulia, au kwa sababu slaidi imepakwa nzito au imeliwa na nzi.

La pili: kuonekana kwa kimelea hakuthibitishi kwamba ndicho kinachoua. Ng'ombe aliyepona ndigana kali anaweza kubeba kimelea katika damu muda mrefu akiwa mzima kabisa. Akiugua homa ya mapafu au akila sumu, slaidi ya damu bado inaweza kuonyesha vipete. Tena wapo ndugu wa kimelea hicho wasio na madhara makubwa ambao chini ya hadubini wanafanana nacho. Hilo ndilo lililomponza Koch Dar es Salaam.

La tatu: kipimo cha kingamwili husoma kumbukumbu ya mwili. Kinakuambia mnyama amewahi kukutana na ugonjwa au na chanjo yake, hakikuambii anaumwa leo. Hapa sotoka inatufundisha. Chanjo nzuri ya sotoka ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake kule Muguga, Kenya, na ikachanjwa kwa mamilioni ya ng'ombe. Lakini kipimo cha kingamwili hakikuweza kutofautisha ng'ombe aliyechanjwa na aliyeugua. Ili nchi ithibitishe kwamba sotoka imekwisha, ililazimika kuacha kuchanja, kusubiri, kisha kupima mifugo iliyozaliwa baadaye. Ilihitaji ujasiri. Mwaka 2011 ulimwengu ukatangazwa kuwa huru na sotoka, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa duniani. Vivyo hivyo, ng'ombe aliyepewa chanjo ya ndigana kali anaweza kupimwa akaonekana "amepata" ndigana. Usimkimbie bila kuuliza historia yake.

La nne: vipo vipimo vinavyosema ukweli juu ya kundi kuliko juu ya mnyama mmoja. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imetokomezwa Tanzania mwaka 1964, lakini mwaka 1990 ikarudi kutoka upande wa kaskazini mpakani, ikasambaa na mifugo inayohamishwa. Kipimo cha damu kilichotumika kwa miaka mingi kwa ugonjwa huo kinafaa kugundua boma lenye ugonjwa. Kwa ng'ombe mmoja mmoja kinaweza kumkosa aliyeambukizwa karibuni, au mwenye ugonjwa wa zamani uliojificha kwenye pafu. Ukinunua ng'ombe mmoja mwenye karatasi safi kutoka boma lenye ng'ombe wanaokohoa, karatasi ile isikulaze usingizi.

Je, tuache vipimo?

Hapana. Mzee alitaka kufikia uamuzi huo, nami nikamwomba asubiri. Kukisia kuna gharama kubwa kuliko kupima, hata kwa binadamu. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, damu ilipochunguzwa kwa makini ni 2,062 tu waliokuwa na vimelea vya malaria. Zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine, na kila siku waliyotibiwa malaria pekee ilikuwa siku ya kuchelewa kutibiwa kilichokuwa kinawasumbua.

Na sisi wafugaji tunafanya hivyo hivyo. Ng'ombe ana homa, tunachoma OTC. Dawa hiyo inasaidia ndigana baridi, lakini ndigana kali ikishaonyesha dalili haiponyi. Dawa ya ndigana kali ni buparvakwoni, ambayo wengi wanaijua dukani kwa jina la Butalex. Ni ghali, na inafanya kazi vizuri ikiwahi. Ikichelewa mapafu yakishajaa maji, unatoa fedha na ng'ombe anakufa vilevile. Kwa hiyo slaidi moja iliyochukuliwa siku ya kwanza inaweza kukuokolea maksai, na ikakuokolea pia bei ya dawa usiyoihitaji.

Ufanye nini

Ukiwa mfugaji, mnyama akipata homa, mwite afisa mifugo kabla ya sindano yoyote. Kama ameshachomwa, usifiche. Sema dawa gani, lini, kiasi gani. Omba zichukuliwe slaidi za damu na za tezi pia, hasa tezi za chini ya sikio au za mbele ya bega zikiwa zimevimba. Slaidi ipakwe nyembamba, ikauke kwa hewa mbali na nzi, iandikwe namba ya mnyama na tarehe, ifungwe kwenye karatasi safi. Usiiweke karibu na formalini.

Pamoja na slaidi, tuma maneno. Mwambie mtaalamu mnyama alitoka wapi, aliingia lini bomani, ameogeshwa lini, wangapi wanaumwa, ndama au wakubwa, dalili ilianzaje. Maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kama ile ya Dodoma, zina vifaa, lakini mtu aliye mezani hajamwona ng'ombe wako. Wewe ndiye uliyemwona.

Tahadhari moja inayohusu uhai wako: mnyama akifa ghafla, na damu isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, usimpasue, usimchune, usimle. Inaweza kuwa kimeta. Toa taarifa, sampuli ichukuliwe na mtaalamu bila kufungua mzoga.

Ukiwa mfanyabiashara, ukionyeshwa karatasi ya vipimo uliza maswali manne: Amepimwa ugonjwa gani? Sampuli ilichukuliwa lini? Ilitoka wapi mwilini? Amewahi kuchanjwa au kutibiwa? Karatasi isiyojibu hayo ina thamani ndogo. Na hata ikijibu, mnyama mgeni atengwe peke yake wiki tatu au nne, akaguliwe masikio, aogeshwe. Ng'ombe 1,000 wa Australia wangepona kama mtu angefikiria kupe kabla ya kuwapitisha njia moja na ng'ombe wa pwani.

Maksai wa pili

Siku kumi baada ya yule wa kwanza kufa, maksai wa pili wa mzee alisimama pembeni ya zizi asubuhi, masikio yameinama. Mzee alinipigia kabla jua halijawa kali. Hakuwa amemchoma chochote. Nilimpima, homa ilikuwa juu, na tezi ya mbele ya bega imeanza kuvimba. Nilichukua slaidi mbili za tezi na mbili za damu, nikazipeleka mwenyewe siku ile ile. Kwenye damu hapakuonekana kitu. Kwenye tezi, madoa ya buluu yalikuwa mengi.

Jioni alipata dawa inayomfaa. Amepona, na msimu ule alilima akifungwa nira na maksai wa jirani.

Mzee aliniambia baadaye: "Kumbe damu ilisema hapana na tezi ikasema ndiyo, siku moja, kwa ng'ombe mmoja." Nikamwambia ndivyo, mzee wangu. Ndiyo maana siku hizi nikiletewa majibu naanza kwa kuuliza tulipima nini, wapi, na lini. Nawe fanya hivyo, kisha nenda zizini ukamtazame mnyama tena.